Daftari la korti na Bibi wa Pemba

Jamaa zangu wote, wa Unguja, Pemba, Dar na Mombasa, na nyie mliotawanyika Muscat na Dubai.

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeshaanza kuniulizia kwa mama kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa namtafuta mtu. Mtu mwenyewe kafariki zamani, wengi wenu hamkumwona, lakini sote tumetoka kwake. Nikampata, halafu nikakaa na habari yake miezi mitatu sijui niiseme au niifunike. Leo naisema kwa ruhusa ya Mjomba, na kwa sharti lake moja ambalo mtaliona.

Mambo yalianza kazini. Kuna mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, tunakula naye chakula cha mchana. Siku hiyo kaja na furaha kama aliyepata mjukuu. Akanionesha kwenye simu yake kesi ya babu wa babu yake, imeandikwa yote, neno kwa neno: nani alishitaki, shahidi alisema nini, hukumu ikawa nini. Huyo babu aliiba mashuka mawili, akahukumiwa kupelekwa Australia miaka saba. Kesi ilisikilizwa Old Bailey, ile mahakama kubwa ya jinai ya hapa London. Taarifa za kesi zake tangu 1674 mpaka 1913, zaidi ya kesi 197,000, zimewekwa kwenye intaneti na mtu yeyote anasoma bure.

Nikamwuliza, "Sasa wewe huoni haya? Babu yako mwizi!" Akacheka mpaka akakohoa. Akanambia zamani hata Australia watu walikuwa wanaficha kwamba wazee wao walipelekwa kule na pingu, lakini siku hizi mtu akimpata mfungwa kwenye nasaba yake anajisifu kwa majirani. Kisha akasema neno ambalo sikulisahau: "Watu wetu walikuwa maskini. Kama hakuibiwa mtu wala hakuiba, hakuna aliyeandika kwamba waliishi."

Usiku ule nikamkumbuka Bibi wa Pemba.

Nyie wa kwetu mnajua namsema nani, bibi yao mama na Mjomba na Mamkubwa. Jina lake sitaliandika hapa. Hilo ndilo sharti la Mjomba. Tangu tuko wadogo tunahadithiwa kwamba alikuwa binti wa tajiri wa Kiarabu mwenye mashamba ya mikarafuu upande wa Wete, kwamba baba yake alikuwa na majahazi, na kwamba sisi damu yetu ni ya kule. Mjomba akiwa kwenye harusi au khitma alikuwa anaitaja nasaba ile jina kwa jina bila ya kukosea. Na sisi watoto tukizungumza Kiingereza mbele yake, anatutolea macho: "Mwacha asili ni mtumwa!" Nani kati yetu hakuambiwa maneno hayo?

Basi nikasema, ikiwa mama wa watu kampata mwizi wa mashuka, mie nitashindwaje kumpata binti wa tajiri? Tajiri ana kesi za mashamba, ana mirathi, ana madeni. Lazima yuko kwenye makaratasi.

Nikaanzia hapa hapa. Nyaraka za Taifa za Uingereza ziko Kew, magharibi ya London, unapanda treni ile ya mstari wa kijani unashuka Kew Gardens, kisha unatembea kidogo. Mbele ya jengo pana bwawa la maji na ndege wanaogelea. Kuingia hulipi. Unapeleka kitambulisho na karatasi ya kuonesha unakoishi, unatengenezewa kadi ya msomaji. Koti, mkoba, chakula, vyote unafungia kwenye kabati. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu, na vitu vyako unavitia kwenye mfuko wa plastiki wa kuona ndani. Unaagiza unachotaka kwenye kompyuta, ukisubiri kama saa moja unakikuta kwenye kisanduku chenye namba ya kiti chako. Kitabu unakilaza juu ya sponji kama mtoto mchanga. Picha unapiga kwa simu yako mwenyewe, bure.

Kwa kuwa wamefunga Jumapili na Jumatatu, na mie nafanya kazi mwisho wa wiki, nikawa nakwenda Jumanne. Jumanne saba nilikwenda!

Nilianza na zile juzuu wanazoziita FO 84, barua za idara ya Kiingereza iliyoshughulika na biashara ya utumwa, mpaka mwaka 1892. Humo mna mambo ya Zanzibar chungu nzima, na mna hukumu za korti. Wengi hatujui hili: Waingereza walikuwa na korti ndani ya ubalozi wao pale mjini Unguja, na sheria yao ya 1869 iliipa nguvu ya kuhukumu majahazi yaliyokamatwa na watumwa. Balozi John Kirk ndiye aliyekuwa hakimu. Baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sayyid Barghash aliutia saini kwa kulazimishwa, soko la watumwa lilifungwa na kuwasafirisha baharini kukapigwa marufuku, na manowari zikazidi kuwinda. Kuanzia 1874 meli kongwe ya HMS London ilitia nanga mbele ya mji wetu kwa miaka mingi, mashua zake zikizunguka mpaka Pemba.

Nikasoma hukumu moja baada ya moja. Jahazi limekamatwa mahali fulani, siku fulani. Limepimwa urefu, upana, kina. Watumwa kadhaa: wanaume idadi hii, wanawake idadi hii, watoto idadi hii. Sahihi, muhuri, imekwisha.

Mwanzo nilijiuliza kwa nini wamelipima jahazi kwa uangalifu namna ile, na watu hawakuwaandika hata majina. Baadaye nikafahamu. Mabaharia walikuwa wanalipwa zawadi, paundi 5 kwa kila mtumwa aliyekamatwa, au kwa tani za jahazi pale ambapo watu ni wachache. Kwa hiyo jahazi lilipimwa kwa sababu ya pesa, na watu wakahesabiwa kwa sababu ya pesa. Jina halina bei, basi halikuandikwa. Nilipolijua hilo nilitoka nje nikakaa karibu na lile bwawa, nikashindwa kula mkate wangu.

Hapo, wallahi nawaapia, bado sikuwa nadhani kwamba nawasoma watu wetu. Nilikuwa nawahurumia kama unavyomhurumia mtu kwenye taarifa ya habari. Mie natafuta tajiri!

Tajiri sikumpata. Lakini nikaendelea na barua za miaka ya baadaye, za Zanzibar yenyewe, na humo nikakutana na jambo la mwaka 1897. Naomba mnivumilie nilieleze kidogo, maana bila ya hili habari yenyewe haieleweki.

Tarehe 6 Aprili 1897, mwaka mmoja kasoro miezi baada ya ile vita ya chini ya saa moja, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba. Skuli tulifundishwa hivyo hivyo, utumwa ukaondolewa, tukaandika tarehe, tukapata maksi. Lakini amri ile haikumwacha mtu yeyote huru siku ile. Ilisema tu kwamba korti haitamsaidia tena bwana kumshika mtumwa wake. Anayetaka uhuru aende mwenyewe mbele ya korti ya wilaya akaombe. Bwana akithibitisha kwamba alimmiliki kwa halali, serikali inamlipa fidia. Mtumwa yeye halipwi kitu. Tena aliyeachwa huru ilibidi aoneshe kwamba ana pahala pa kukaa na ana njia ya kujilisha, la sivyo anahesabiwa mzururaji. Na masuria hawakuhusika kabisa. Wao mpaka amri nyengine ya 1909. Mabwana wengine walilijua hilo, mwanamke akienda korti wanasema, "Huyu ni suria wangu," mambo yakaishia hapo.

Sasa fikirini mtu yuko kwenye shamba la bwana. Nyumba ya bwana, kikonde cha muhogo cha bwana, mume na jamaa wote wako hapo hapo. Wengi walibaki wakaelewana, siku kadhaa kwa wiki za kazi na wao wanalima chao. Wengine waliachwa huru na mabwana wenyewe kwa ajili ya Mungu. Wa kwenda korti ilibidi awe na moyo.

Na wale waliokwenda, korti iliwaandika. Kwa majina.

Nikasoma hivyo kwenye ripoti za makamishna, nikauliza hayo madaftari yenyewe yako wapi. Jamani, nimekwenda Kew Jumanne saba, nimelipa nauli, nimekosa malipo ya kazi, na madaftari yako Kilimani! Nyaraka za Taifa za Zanzibar, hapo hapo Kilimani mjini, ambapo sote tumepita maisha yetu yote tukienda zetu Mnazi Mmoja. Kilicholetwa huku ni barua za wakubwa wakiandikiana. Majina ya watu wetu yalibaki nyumbani.

Nikampigia binti wa dada yangu, yule anayesoma chuo, nikamwambia mwanangu nifanyie kazi. Akaomba ruhusa ya utafiti, akaruhusiwa, akawa anakwenda asubuhi akitoka darasani. Nilimpa jina la Bibi wa Pemba, jina la yule tajiri, na jina la kijiji. Nikamwambia atafute kesi za mashamba, mirathi, madeni. Wala sikumtuma kwenye madaftari ya walioachwa huru. Alikwenda mwenyewe kwa sababu kesi za mashamba zilikuwa zimempa shida.

Hapa niwape faida wale mtakaotaka kutafuta wazee wenu. Msitafute maneno kama tunavyoyaandika sisi leo. Karani aliandika alivyosikia. Wete imeandikwa Weti, Chake Chake imeandikwa Chaki Chaki. Jina la mtu mmoja unaweza kulikuta kwa namna tatu. Lisome kwa sauti, sikio litalitambua kabla ya jicho.

Siku ya tisa binti akanipigia. Hakunisalimia. Akasema, "Mama mdogo, umekaa?"

Akanisomea alivyonakili kwa penseli. Mwaka 1901. Jina lake la kwanza, lile lile. Umri, miaka 20 kwa kukisia. Kabila, Mnyasa. Kijiji, kile kile. Na kwenye safu ya mmiliki, jina la yule tajiri wetu, mpaka jina la babu yake.

Yule tunayeambiwa ni baba yake.

Nilimwambia arudi akatazame tena, labda ni mwengine. Jina lile la ua walipewa wanawake wengi. Akarudi. Akawapata wanne wenye jina hilo Pemba, lakini mwenye kijiji kile na bwana yule ni mmoja tu. Nikasema basi labda alikuwa mtoto wa tajiri kwa suria, karani kakosea. Nikajibu mwenyewe, maana hilo hata mtoto wa chuoni anajua: mtoto wa bwana kwa suria ni huru kwa sharia, tangu siku anayozaliwa. Angekuwa binti yake asingekuwa na la kwenda kuomba korti. Na Mnyasa maana yake katoka upande wa ziwa Nyasa, hakuzaliwa hapa. Waliozaliwa hapa waliitwa wazalia. Ikiwa alikuwa na miaka 20 mwaka 1901, basi kazaliwa kama 1881, na kavushwa bahari baada ya ile marufuku ya 1873, usiku, katika majahazi kama yale niliyoyasoma Kew. Jahazi lake halikukamatwa, ndiyo maana kafika Pemba. Na Pemba ndiko walikokuwa wanatakiwa, kwa sababu kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na cha Pemba kikasalimika, kazi yote ikahamia huko.

Nilikuwa nimewasoma watu wetu Jumanne saba na sikuwajua.

Nilimpigia Mjomba. Nilidhani atashangaa. Hakushangaa, alikasirika. Akanambia, "Nani kakutuma? Umekosa kazi huko?" Nikamwambia Mjomba, ni karatasi ya serikali. Akasema, "Karatasi ni za wazungu. Unajua binti huyu huyu uliyemtuma ameposwa? Unataka watu waseme nini?" Akakata simu. Mjomba wangu, ambaye kanilea, hakuongea nami wiki sita. Nikipiga, napokewa na mkewe: "Kalala." Saa tisa alasiri, kalala.

Posa ni kweli ilikuwepo. Na nyie mnaujua mji wetu. Watu wanazungumza dini na usawa barazani, lakini siku ya posa wanauliza, "Wa nani hao?" Nikamwambia binti, mwanangu tuliache, nimekuingiza pabaya. Akanijibu kwamba kijana keshamwambia yeye mwenyewe, siku ile ile aliyotoka Kilimani. Na kijana kamjibu, "Hata kwetu wamo. Sisi hatujatafuta tu."

Nikampigia Mamkubwa, Wete. Ana miaka 84 sasa, masikio mazito lakini akili iko timamu. Nilizunguka sana, nikimuuliza habari za karafuu na za magoti yake. Mwisho akanichoka. "Wewe unataka kusema nini?" Nikasema. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

Akasema, "Karatasi yake nimeiona kwa macho yangu."

Alikuwa mtoto wa miaka kumi, kumi na mbili. Bibi wa Pemba alikuwa na kasha, na ndani ya kasha kopo la bati, na ndani ya kopo karatasi imekunjwa ndani ya kitambaa pamoja na udi. Siku ya Idi akiwa peke yake anaitoa, anaitazama, anairudisha. Hakujua kusoma. Mamkubwa alimuuliza, bibi, hiyo nini? Akamjibu, "Hii mimi mwenyewe." Hakuongeza neno. Alipofariki, mwaka 1953, bibi yetu mzaa mama alilichukua kopo, na tangu hapo halikuonekana tena, na watoto wakaambiwa habari hiyo isitajwe. Hadithi ya binti wa tajiri ikaanza baada ya hapo, taratibu, mpaka ikawa ndiyo ukweli.

Nikamuuliza, "Na Mjomba anajua?"

"Anajua kuliko mimi. Yeye ndiye aliyetukanwa." Akanieleza kwamba Mjomba akiwa skuli, mtoto mmoja alimtolea hilo neno mbele ya darasa zima. Alirudi nyumbani nguo zimechanika, hakusema kapigania nini. Ile nasaba alijifunza kwa moyo mwaka ule ule. Alikuwa na miaka tisa.

Basi mie miaka yote hii nilidhani Mjomba anajivuna. Kumbe alikuwa anajikinga, na sisi watoto wake akatukinga kwa hicho hicho. Lile la "mwacha asili ni mtumwa" alikuwa analisema kwa sauti kubwa ili lisimrudie yeye.

Nilimwandikia barua. Ya karatasi, kwa mkono, nikaitia posta, maana simu anaweza kuikata. Sikumtaka radhi kwa kutafuta, nilimtaka radhi kwa namna nilivyomwambia. Nikamwandikia nilichofahamu kuhusu korti ile: kwamba hakuna aliyelazimishwa kwenda, kwamba bibi yake alikuwa msichana wa miaka ishirini asiye na baba wala kaka kisiwani, kwamba kutoka kijijini mpaka Wete ni mwendo wa miguu, kwamba bwana wake angeweza kusema ni suria na kumrudisha, na kwamba ilibidi asimame mbele ya watu aseme anakaa wapi na atakula nini. Nikamwandikia kwamba tajiri kwenye safu ile kaandikwa kwa sababu ya fidia, na yeye kaandikwa kwa sababu alikwenda.

Wiki tatu kimya. Kisha simu ikalia usiku, namba ya Mjomba. Akanisalimia kama kawaida, akauliza baridi, akauliza kazi. Halafu akasema, "Hiyo karatasi, imeandikwa kama alikwenda peke yake?"

Nikamwambia, haisemi, Mjomba.

"Na pahala pa kukaa, alisema wapi?"

Nikamwambia, haisemi hilo pia. Safu ni chache.

Akanyamaza. Nikasikia anavuta pumzi. Akasema, "Mimi nimekaa naye. Alikuwa ananibeba mgongoni. Nyumba yake ilikuwa karibu na mwembe, upande wa chini wa msikiti. Yake mwenyewe. Alikuwa akisema hivyo kila siku: yangu mwenyewe. Sisi tulidhani ni uzee."

Nikamuuliza kama naweza kuwaandikia nyie. Akafikiri. "Andika. Lakini jina lake liache. Hilo alilinda mwenyewe." Na posa akaijibu yeye mwenyewe, kwa mikono yake, harusi ni baada ya Ramadhani, inshaallah. Kama atasoma nasaba siku hiyo, na ataanzia kwa nani, sijamuuliza na nawaomba msimuulize.

Ndugu zangu, nimejifunza kwamba korti haiandiki maisha ya mtu. Inaandika siku moja, siku ya shida yake, kwa mkono wa karani asiyemjua. Siku nyengine zote, ile mgongo na ule mwembe, ziko kwa Mjomba na Mamkubwa, na wao hawako Kilimani wala Kew. Daftari litatungoja, limeshangoja zaidi ya miaka mia moja. Mamkubwa ana miaka 84. Mnaokaa Wete, mwendeeni. Msimuulize mambo ya utumwa. Muulizeni lile kopo lilikuwa na rangi gani, na ule udi ulinukiaje, aseme mwenyewe anachotaka kusema.

Na kama kuna yeyote katika nyie ambaye bibi yetu alimwachia kasha lolote, hata bovu, nawaombeni lifungueni mtazame chini yake kabla ya kulitupa.

Salamu kwa wote, wakubwa shikamooni, wadogo nawabusu. Karafuu mlizonipelekea zimefika, nyumba nzima inanukia Pemba.

Wenu wa London.